Bangili Bila Hadithi Yake

Kwa miaka mingi, Mwislamu akitokea katika sinema za Marekani, mtazamaji aliweza kuijua kazi yake kabla hajafungua kinywa. Ama alikuwa mtu wa bomu, ama tajiri wa mafuta asiye na akili, ama mwanamke aliyejifunika akingoja wageni waje wamwokoe. Kwa hivyo kampuni ya Disney ilipoutoa mchezo wa televisheni uitwao "Ms. Marvel", sehemu ya kwanza tarehe 8 Juni 2022 na ya sita, ambayo ndiyo ya mwisho, tarehe 13 Julai mwaka huo huo, Waislamu wengi walifurahi kwa jambo moja tu: kwamba shujaa ni msichana wa Kiislamu.

Furaha hiyo ina haki yake, lakini haitoshi kuupima mchezo. Mtu anaweza kusimamishwa mbele ya kamera kwa jina la Kiislamu na bado akawa sanamu tupu. Sifa kubwa ya mchezo huu naiona kwingine. Hebu tuwatazame mashujaa wa Kimarekani ambao watoto wetu wanawajua kwa majina. Superman aliwapoteza wazazi wake na sayari yao nzima. Batman aliwaona wake wakiuawa. Spider-Man alilelewa na ami yake na mkewe. Wote ni mayatima, na nguvu zao huanza pale jamaa zao walipokwisha. Shujaa wa mchezo huu ana mama, ana baba, ana kaka, ana nyanya, na bila ya hao hana nguvu wala hana hadithi.

Na ndani ya sifa hiyo mna swali zito: mzee anaponyamaza juu ya yaliyompata, kijana anarithi nini? Hilo ndilo swali nililolifuata kutoka sehemu ya kwanza hadi ya sita. Msomaji ambaye bado hajautazama mchezo huu aniwie radhi, maana siwezi kuupima bila ya kuusimulia.

NYUMBA YA YUSUF KHAN

Kamala Khan ni msichana wa miaka 16 anayeishi Jersey City, mji ulio ng'ambo ya mto kutoka New York. Wazazi wake walihamia huko kutoka Karachi, Pakistan. Babake, Yusuf, ni mtu mpole, mpenda utani na mpenda chakula. Mamake, Muneeba, ndiye mwenye sauti nyumbani, na macho yake yanaona mpaka nyuma ya ukuta. Kakake mkubwa, Aamir, ni kijana mcha Mungu, anafuga ndevu, anaswali, yuko karibu kuoa. Nashukuru kwamba mtungaji hakumfanya Aamir kichekesho wala mtu wa kuogopwa. Ni kaka tu, anayemtania dadake na kumtetea.

Binti huyu kichwa chake kiko mawinguni. Anampenda shujaa mmoja wa kike aitwaye Captain Marvel mpaka chumba chake kimejaa picha zake. Pafanyika maonyesho ya mashujaa, na Kamala anataka kwenda usiku. Wazazi wanakataa. Kisha wanafikiri tena, wanaona wamekuwa wagumu mno, nao wanakuja na shauri lao: nenda, lakini baba atakusindikiza. Baba anaingia chumbani amejipaka rangi ya kijani na kuvaa kama Hulk, yule shujaa mkubwa wa kijani, na binti ameandaliwa shalwar kameez ya rangi hiyo hiyo ili wawe Hulk mkubwa na Hulk mdogo. Kamala anaona aibu, na maneno yanamtoka. Baba haongezi neno. Anaondoka na rangi yake usoni.

Katika mchezo mzima, wenye mapigano na majumba kuteketea, sikuona pigo lililopiga kwa nguvu kama hilo. Kila mzazi aliyewahi kujitahidi kumfurahisha mwanawe akaambulia uso wa aibu ataijua hali ya Yusuf Khan. Mohan Kapur, mchezaji kutoka India, anaicheza kwa mabega yake tu.

Kamala hatimaye anatoroka usiku kupitia dirishani, akiwa na rafiki yake Bruno. Mkononi amevaa bangili ya zamani iliyofika nyumbani ndani ya sanduku, imetumwa na nyanya yake kutoka Karachi. Mama hakutaka hata iguswe. Kwake ni takataka za kale. Binti anaivaa kwa kuwa inapendeza na mavazi yake, basi. Mbele ya umati bangili inaamka, mwanga unamtoka mkononi, na mambo yanaanza.

NGUVU ZINAKOTOKA

Nimesema nguvu, wala sisemi miujiza, maana tuliokaa chuoni tulifunzwa tofauti: miujiza ni ya Mitume, karama ni za mawalii, na yaliyobaki kila moja lina jina lake. Nguvu za Kamala ni mwanga unaogeuka kuwa kitu kigumu. Anaweza kuukanyaga hewani kama ngazi, au kuufanya ngumi kubwa, au ngao.

Hazikuwa hivyo tangu mwanzo. Kamala Khan alizaliwa katika vitabu vya picha vya kampuni ya Marvel. Alitajwa mara ya kwanza mwaka 2013, akapata kitabu chake mwenyewe mwaka 2014. Walioshirikiana kumtunga ni Sana Amanat, mhariri aliyezaliwa Marekani kwa wazazi wa Kipakistani, G. Willow Wilson, mwandishi wa Kimarekani aliyesilimu, na mchoraji Adrian Alphona. Mwaka 2015 kitabu cha kwanza kilipata tuzo ya Hugo. Katika vitabu hivyo Kamala anapata nguvu kwa kuingiwa na ukungu wa ajabu uliotanda mjini, na nguvu zenyewe ni kuurefusha na kuukuza mwili wake apendavyo.

Bisha K. Ali, Mwingereza mwenye asili ya Pakistan aliyeuongoza utungaji wa mchezo wa televisheni, aliyabadili hayo. Mwili haurefuki tena kama zamani, na ukungu umeondoka. Pahala pake pamewekwa bangili ya mama wa nyanya. Wasomaji wengi wa vitabu walilalamika, wakasema shujaa wao ameharibiwa. Mimi nawapinga. Ukungu hauna ukoo. Mtu akipata nguvu kwa ukungu, swali analouliza ni moja tu: nizitumieje? Lakini akizipata kwa bangili ya wazee wake, huuliza kwanza: huyu aliyeivaa kabla yangu alikuwa nani, na kwa nini jina lake halitajwi?

Na jina kweli halitajwi. Mama huyo wa nyanya aliitwa Aisha. Kamala anapomwuliza mamake, mama anafunga mlango wa maneno. Anapowauliza wanawake wa jamii yao katika sherehe za Idi, anapata minong'ono: Aisha aliiletea jamaa aibu. Ni babake anayemdokolea kidogo mezani, kwamba mwaka 1947, wakati wa kuhama kwenda Pakistan, Sana, ambaye ndiye nyanya yake Kamala, alikuwa mtoto mchanga aliyepotea katika umati wa stesheni ya treni, na kwamba njia ya nyota ilimwongoza mpaka kwa babake. Watu wazima mezani wanaisikiliza kama ngano. Mchezo wote uliobaki ni safari ya kutoka kwenye ngano hiyo hadi kwenye ukweli wake.

MSIKITI WA JERSEY CITY

Kabla hatujasafiri, tukae kidogo msikitini, maana hapa ndipo penye kurasa njema za mchezo huu. Sehemu ya pili na ya tatu, zilizoongozwa na Meera Menon, zinatuonyesha msikiti kama tuujuavyo. Wanawake wako upande wao, nao upande huo umechakaa, sauti ya imamu haifiki vizuri, na upande wa wanaume umepambwa. Nakia, rafiki yake Kamala anayevaa hijabu, anatoka nje na kukuta viatu vyake vya thamani vimeibiwa. Sidhani kama kuna msomaji wa pwani ambaye hatacheka hapo, halafu akavikumbuka viatu vyake mwenyewe.

Lakini Nakia hakomei kulalamika. Anaamua kugombea kiti katika halmashauri ya msikiti, anazunguka kwa waumini kuomba kura, na anashinda. Hakuna anayeuacha uislamu wake ili apate haki, wala hakuna Mzungu anayekuja kumkomboa. Ni ugomvi wa nyumbani, unamalizwa nyumbani. Nakia anaeleza pia habari ya hijabu yake, kwamba alikuwa haonekani kamili kwa watu wa huku wala kwa wa kule, na alipoivaa ndipo alipojiona ni yeye mwenyewe. Nimesikia mawaidha marefu juu ya jambo hili yaliyosema machache kuliko hayo.

Sheikh Abdullah, imamu wa msikiti huo, amechezwa na Laith Nakli kwa ucheshi na heshima. Kamala, akiwa amechanganyikiwa, anamwendea kwa fumbo, na shehe anamjibu kwamba wema si kitu alicho nacho mtu, ni kitu akitendacho. Na maafisa wa serikali wanapokuja kuupekua msikiti, shehe hapigi kelele wala hatetemeki. Anadai kibali cha mahakama. Kwa Waislamu wa Marekani, ambao baada ya Septemba 2001 waliishi na wapelelezi ndani ya misikiti yao, hilo si jambo la kubuni. Hata kwetu pwani kuna wazee ambao wataitazama sehemu hiyo kimya.

HABARI YA MAJINI

Sasa nifike kwenye jambo ambalo litawakera baadhi ya wasomaji, nami limenikera. Katika sehemu ya tatu Kamala anakutana na watu wasiozeeka, wakiongozwa na mwanamke aitwaye Najma. Wanamwambia kwamba Aisha alikuwa mmoja wao, kwamba wamefukuzwa kutoka ulimwengu uitwao Noor, na kwamba watu wa dunia hii huwaita majini. Kwa hivyo Kamala ana damu ya majini.

Mtoto yeyote aliyepita chuoni kwa mwaka mmoja atajua palipokosewa. Majini wameumbwa kwa moto. Walioumbwa kwa nuru ni malaika. Mtungaji amelichukua neno nuru, ambalo kwa Kiurdu ni noor na kwetu pia ni nuru, kwa kuwa ni zuri masikioni, akalifanya kuwa kwao kwa majini. Na majini wenyewe hawana lolote la ujini: hawana dini, hawana hesabu watakayotoa. Katika Kurani iko sura nzima yenye jina lao, sura ya 72, nayo inatueleza kwamba wamo wema na wamo wasio wema, wamo waliosilimu na waliokengeuka. Mtungaji angaliisoma kwa makini angalipata hadithi kubwa kuliko aliyoitunga. Badala yake tumepata wageni wa kutoka sayari nyingine waliopewa jina la Kiarabu.

Kuna jambo jingine. Kamala anaposikia yeye ni wa majini, anaogopa kwa siku moja mbili, kisha jambo linapita. Msichana aliyelelewa katika nyumba ya swala angaliuliza maswali: je, swala yangu? Je, ndoa ya binadamu na jini, ambayo wanavyuoni wameibishania tangu zamani, ina hukumu gani, na mimi niliyetokana nayo ni nani? Kijana wa Mombasa au Lamu angaliyauliza hayo kabla ya jua kutua. Hapo mchezo ulikuwa na mlango wa dhahabu, ukapita dirishani.

Mzazi afanye nini basi? Kumkataza mtoto asitazame hakuondoi kitu, ataangalia kwenye simu ya mwenziwe. Heri kukaa naye, na inapofika sehemu hiyo kumwambia: hapa wamekosea, na sahihi ni hivi. Dakika tano zinatosha. Asipoambiwa, basi elimu yake ya majini itakuwa ya Disney.

TRENI YA MWAKA 1947

Sehemu ya nne na ya tano ziliongozwa na Sharmeen Obaid-Chinoy, mzaliwa wa Karachi, ambaye ameshinda tuzo ya Oscar mara mbili, mwaka 2012 na mwaka 2016, kwa filamu zake za hali halisi juu ya wanawake wa Pakistan. Mkono wa mtu anayepajua pahala unaonekana mara moja, ingawa mitaa ile ya Karachi ilipigwa picha Bangkok, Thailand.

Ili msomaji azielewe sehemu hizi, na nina hakika vijana wengi hawakufunzwa historia hii, yafaa kuikumbuka kwa ufupi. Waingereza walipoiacha India mwezi wa Agosti 1947 waliigawa nchi mbili, Pakistan na India. Mpaka ulichorwa na wakili Mwingereza, Cyril Radcliffe, ambaye hakuwahi kuikanyaga India kabla ya kazi hiyo, na alipewa wiki kama tano kuimaliza. Mpaka ulitangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya uhuru wa India. Watu kati ya milioni 10 na milioni 15 walihama, Waislamu wakielekea huku, Mabaniani na Makalasinga wakielekea kule. Waliouawa hukisiwa kuanzia laki mbili mpaka milioni mbili. Treni zilifika stesheni zikiwa zimejaa maiti.

Mkasa huo haukuishia huko Bara Hindi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901 ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, wengi wao watu wa Punjab, na Waislamu walikuwamo. Punjab hiyo ndiyo iliyokatwa vipande viwili mwaka 1947. Wako majirani zetu Mombasa na Nairobi ambao wazee wao walilala usiku wakiwa na kwao, wakaamka kwao kumekuwa nchi nyingine ambayo hawawezi kurudi.

Kamala na mamake wanasafiri hadi Karachi kwa sababu nyanya, Sana, amepiga simu. Samina Ahmed, mchezaji mkongwe wa televisheni ya Pakistan, anamcheza nyanya huyu kwa wepesi wa ajabu. Habari ya majini anaizungumza kama mtu anayezungumza habari ya kisukari katika ukoo. Lakini anapomweleza mjukuu wake habari ya nafsi yake, sauti inabadilika. Pasipoti yake ni ya Pakistan, mizizi yake iko India, na katikati umepita mpaka wa damu uliochorwa na wazee wa Kiingereza waliokuwa wakikimbia. Bado, kwa umri wake wote ule, anajitafuta.

Katika sehemu ya tano tunarudishwa nyuma. Aisha, aliyechezwa na Mehwish Hayat, anakutana na Hasan, mkulima mwenye mashairi na maneno ya uhuru, aliyechezwa na Fawad Khan. Wanaoana, wanazaa Sana, na miaka inafika kwenye 1947. Stesheni imefurika. Watu wananing'inia madirishani, mama wanapitisha watoto juu ya vichwa vya watu. Aisha anauawa na Najma pale pale stesheni. Hasan yuko peke yake, mtoto amempotea. Na hapo Kamala, aliyevutwa na bangili kutoka wakati wake, anajikuta amesimama katikati ya umati huo. Anautoa mwanga wake, anaweka alama mbele ya mtoto, na mtoto anazifuata mpaka mikononi mwa babake.

Njia ya nyota ya ngano ya familia ilikuwa mjukuu. Mjukuu ndiye aliyemwokoa nyanya, ili nyanya aishi amzae mama, na mama amzae mjukuu. Nimeona hila nyingi za kurudi nyuma kwa wakati katika filamu za aina hii, na nyingi ni mizungu ya kuchezea akili. Hii ina maana. Inasema kwamba jamaa iliyoponea chupuchupu iliponea kwa sababu mtu wa baadaye aliihitaji.

MAMA ANAPOJUA

Hata hivyo, kilele cha mchezo kwangu hakikuwa stesheni. Kilikuwa baada yake, Karachi, pale Muneeba anapomkuta bintiye baada ya vita na kuuona mwanga kwa macho yake. Zenobia Shroff anacheza hapo mambo matatu kwa pamoja: hofu ya mama, hasira ya mtu aliyefichwa, na jingine ambalo limechukua muda kufika, nalo ni kumgeukia mamake mwenyewe, Sana.

Maana sasa tunaijua siri ya ukali wake. Muneeba alikua akimwona mamake akizama katika hadithi za nyota na za Aisha, majirani wakimcheka, naye mtoto akibeba aibu hiyo shuleni na mitaani. Alipopata nafasi alikimbilia Marekani, akaapa kwamba nyumba yake itakuwa ya mambo ya kawaida. Akaitia bangili katika sanduku, akamtia na mamake humo humo. Kila alipomwambia Kamala ashushe kichwa kutoka mawinguni, alikuwa akisema na mamake.

Hivyo siri zilikuwa mbili chini ya dari moja. Binti alimficha mama nguvu zake. Mama alimficha binti asili ya nguvu hizo. Na kila mmoja alimwona mwenziwe ndiye mgumu. Arusi ya Aamir katika sehemu ya tatu ilivurugika kwa sababu hiyo tu: lau binti angalikuwa na mtu wa kumwambia, adui asingalimkuta peke yake katikati ya wageni. Wazee walisema siri ya mtungi iulize kata. Katika nyumba ya Khan kata ilifichwa, watu wakafa kiu kando ya maji.

Sehemu ya sita, iliyorudi mikononi mwa Adil El Arbi na Bilall Fallah, Wabelgiji wenye asili ya Moroko walioongoza pia ile ya kwanza, ni sehemu ya furaha. Kamala anaikusanya jamaa yake ili awaambie, kumbe mama ameshamwambia baba, na habari imezunguka nyumba nzima. Mama anamletea vazi la kishujaa alilomtengenezea, limemsitiri mwili na lina heshima. Mama yule yule. Na mwishoni, juu ya paa, baba anamweleza binti maana ya jina lake. Kwa Kiarabu kamal ni ukamilifu, nasi tunalo neno kamili kutoka shina hilo hilo. Lakini kwa Kiurdu, anasema baba, jina hilo limekaribia zaidi ajabu, kitu cha kushangaza. Baba aliyekataliwa na rangi yake ya kijani ndiye anayempa binti jina lake la kishujaa, na alikwisha kumpa tangu siku ya kuzaliwa.

Nimwongeze hapa Iman Vellani, anayemcheza Kamala. Alizaliwa Karachi, akalelewa Kanada, na alikuwa mwanafunzi wa shule ambaye hajawahi kufanya kazi ya sinema alipochaguliwa. Hana vituko vya mchezaji. Anacheka kama watoto wanavyocheka, anakosea kama wanavyokosea. Mwaka 2023 alimcheza Kamala tena katika filamu ya "The Marvels", na hata humo jamaa ya Khan ilimfuata.

KASORO ZAKE

Sifa zisitupofushe. Maadui wa mchezo huu ni wepesi kama karatasi. Najma, aliyechezwa na Nimra Bucha, ana uso wa kutisha na sauti ya kutosha, lakini hakupewa neno la maana la kusema. Anamwacha mwanawe Kamran bila ya kugeuka nyuma, kisha katika dakika ya mwisho moyo wake unalainika kwa sentensi mbili, naye anakufa. Katika mchezo unaohusu akina mama, mama huyu alistahili zaidi.

Sehemu ya tano nayo ni fupi mno kwa mzigo iliyoubeba. Mapenzi, ndoa, uzazi, uhuru, mauaji, na vita vya Karachi, vyote vimesongwa katika muda ambao haungetosha hata moja. Na mwisho kabisa Bruno anamwambia Kamala kwamba hata bila ya bangili kuna kitu katika damu yake kisichopatikana kwa ndugu zake. Hilo ni la kuuza filamu zijazo. Baada ya sehemu sita za kutuambia kwamba nguvu hizi ni urithi wa jamaa, mlango unafunguliwa wa kumtenga binti na jamaa yake. Sikulipenda.

NYUMBA ZETU

Lakini ule wa Aisha umenikaa. Aisha aliishi miaka ya 1940. Kwa Kamala ni mama wa nyanya, yaani vizazi vitatu nyuma. Tuhesabu vizazi hivyo hivyo hapa kwetu. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mtu mwenye miaka sabini leo, mama wa nyanya yake aliweza kabisa kuwa ameiona siku hiyo, ama akiwa bibi wa nyumba, ama akiwa mtumwa ndani yake.

Na tunajua yalivyo. Katika nyumba nyingi za pwani shajara ya upande wa kiume imeandikwa vizuri, jina baada ya jina, mpaka kule Hadhramaut au Oman au Shirazi. Upande wa kike mistari inakatika. Kuna nyanya ambaye jina lake lilikuwa la kupewa, ambaye hatukuambiwa kwao, ambaye aliletwa na jahazi pasipo hiari yake. Kuna aliyetoka bara kwa miguu. Kuna aliyeolewa na mtu ambaye jamaa hawakumtaka. Mtoto akiuliza huambiwa mambo hayo hayazungumzwi. Wenye kunyamaza hawana ubaya, kama vile Muneeba hakuwa na ubaya. Wanaogopa aibu. Lakini mchezo huu unauliza vizuri: aibu ni ya nani? Aisha alikufa akiitafutia jamaa yake njia ya kupona, na malipo yake yakawa miaka sabini na mitano ya minong'ono.

Vitu bado viko. Iko bangili ya fedha katika kasha. Uko waraka wa hati za Kiarabu ambao hakuna kijana nyumbani anayeweza kuusoma. Iko picha moja ya mwanamke aliyesimama mlangoni. Mzee anayejua kila kimoja kilikotoka yuko hai leo, pengine ameketi barazani wakati msomaji anasoma gazeti hili. Akiondoka, bangili itabaki ni fedha kwa uzani, na dukani itauzwa kwa uzani.

Vijana wetu wana hamu ya kujua asili yao. Wasipopata hadithi nyumbani, zipo kampuni za mbali zitakazowatungia, zenye picha nzuri na majini wa kutoka sayari nyingine. Kampuni ya Disney imemfanya nyanya mmoja wa Karachi azungumze, na dunia ikasikiliza. Wa kwetu hawahitaji kampuni. Wanahitaji mjukuu aketi karibu, auulize jina la mama wa nyanya, na asiondoke mpaka ajibiwe.